Vigae vya Lami kwenye Joto la Jangwa: Soma Kabla ya Kudai Dhamana

Malalamiko mengi kuhusu vigae vya lami katika maeneo ya jangwa huanza hivi: "Niliuziwa vigae vya miaka 30." Miaka hiyo ni muda wa dhamana yenye masharti, si umri wa paa. Jua hukausha lami, na kinga yake ni chembechembe za mawe zilizo juu. Zikipukutika, kigae hukakamaa, hupasuka na kujikunja pembeni.

Chagua rangi hafifu yenye chembe zinazoakisi jua na, ukiweza, lami iliyochanganywa na polima ya SBS (aina ya mpira wa sintetiki), ambayo huvumilia kutanuka mchana na kusinyaa usiku. Kigae kiwe kimetimiza ASTM D3462, kiwango cha Marekani cha ubora wa vigae vya lami.

Hata hivyo, rangi haisaidii sana ikiwa hewa imefungiwa chini ya paa na vigae vinaokwa pande zote mbili. Kanuni inayotumika sana ni matundu yenye eneo la 1/150 ya eneo la dari: dari ya mita za mraba 150 inahitaji uwazi halisi wa mita 1 ya mraba, nusu chini ya ukingo wa paa, nusu karibu na kipeo. Wavu wa kuzuia wadudu hupunguza uwazi huo, nao uhesabiwe.

Kwa kawaida kila kigae hupigwa misumari 4, au 6 penye upepo mkali. Kichwa cha msumari kilale sawa na uso. Kikizama, kinakata kigae. Kazi ifanyike asubuhi mapema, kwani lami ikishapata moto kiatu hung'oa chembe. Vumbi likitua kwenye ukanda wa gundi unaoshikanisha kigae na kingine, kigae hakishiki na upepo utakifunua.

"Hapa hakuna mvua, nikague nini?" Tumelijibu swali hili mara nyingi mno. Kagua mara mbili kwa mwaka na baada ya kila dhoruba ya mchanga, ukiwa chini, kwa darubini. Chembe chache kwenye mfereji wa paa jipya ni kawaida. Mabaka meusi kwenye vigae si kawaida. Usioshe kwa mashine ya presha.

Unapodai dhamana, ambatisha risiti, lebo ya pakiti yenye namba ya uzalishaji, picha za paa zima na za karibu, na picha za matundu ya hewa. Usibandue vigae kabla ya mkaguzi kufika. Ushahidi ukipotea, dai linaweza kukataliwa. Kasoro ya ufundi kwa kawaida haimhusu mtengenezaji: hiyo mdai fundi, kwa mkataba wa maandishi.