Bando la nyumbani linapoisha kabla ya siku zake

Katika nyumba nyingi za Kampala intaneti hutoka kwenye ruta yenye laini ya simu na bando la gigabaiti za kuhesabika, na bando la siku 30 likiisha siku ya 11, neno la kwanza kusemwa ni kwamba kampuni imeiba. Nami nililisema nyumbani kwetu Ntinda, tena kwa uhakika, kabla sijapima chochote. Hasara si ndogo, kwani tangu Julai 2021, ilipofutwa ada ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii na kuwekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data yenyewe, kila gigabaiti inayopotea imekwisha kulipiwa kodi.

Dhana iliyotugharimu kuliko zote ni kwamba ukiwa kwenye Wi-Fi hutumii data. Simu haijui kuwa nyuma ya ruta kuna bando. Ikiona Wi-Fi hudhani njia haina kikomo, kwa hiyo WhatsApp, isipobadilishwa mpangilio, hupakua picha, sauti, video na nyaraka za makundi yote, programu hujisasisha, na picha hupandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni bila mtu kugusa kitu. Kwetu mlaji alikuwa kompyuta ya binti yangu, iliyokuwa ikipandisha usiku kucha video za harusi ya shangazi yake. Windows na Android zote zina mahali pa kukiambia kifaa kwamba Wi-Fi hii hulipiwa kwa kipimo, na tangu tulipofanya hivyo kazi nyingi za chinichini zimetulia.

Si kweli pia kwamba kinachohesabiwa ni kile unachopakua tu. Kamera ya usalama inayotuma picha mtandaoni muda wote kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hutumia megabaiti 450 kwa saa, yaani karibu gigabaiti 11 kwa siku, hata kama hakuna anayeitazama.

Kuzima skrini si kuzima kifaa. Kisanduku kilichochomekwa nyuma ya televisheni kinaweza kuendelea kucheza filamu baada ya rimoti kuizima televisheni, na Netflix kwa ubora wa HD hufikia gigabaiti 3 kwa saa.

Kuhusu jirani anayeshukiwa kutumia Wi-Fi yako, huenda kweli amepewa nenosiri na watoto, lakini jina geni katika orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye ruta si ushahidi wa kutosha, kwa sababu simu za siku hizi hujitambulisha kwa anwani ya kubuni katika kila mtandao, na huyo mgeni anaweza kuwa simu ya mwanao mwenyewe. Badilisha nenosiri, kisha rudisha vifaa kimoja kimoja ukiandika jina la kila kimoja.

Jambo moja linatuhusu sana hapa Uganda. Facebook ilifungwa Januari 2021, na wengi huifikia kwa VPN, yaani programu inayopitisha data yako kwa njia iliyofichwa kupitia kompyuta ya mbali, wakiamini kwamba VPN hupunguza data. VPN huongeza mzigo kidogo, kwa kuwa kila kipande cha data hufungashwa upya, na inamzuia anayefuatilia kuona tovuti ipi inakula. Baadhi ya VPN za bure huenda mbali zaidi na kupitisha data za watu wengine kwenye kifaa chako.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Kabla ya kulala, andika salio la bando, tenganisha vifaa vyote na uache ruta peke yake, kisha asubuhi andika salio tena. Usiku unaofuata rudisha kimoja, andika tena, na uendelee hivyo. Usitegemee kaunta ya ruta peke yake, maana nyingi hurudi sifuri umeme unapokatika. Salio likishuka sana ilhali hakuna kifaa kilichounganishwa, hapo una hoja: peleka tarehe, saa na salio kwa kampuni kwa maandishi, na wasipokujibu, Tume ya Mawasiliano ya Uganda hupokea malalamiko ya wateja.