Desemba hii ni kwenu au kwetu?

Kazi yangu ni ushauri wa ndoa hapa Nakuru. Kuanzia Oktoba, shule zikikaribia kufungwa, swali linaloniletea watu wengi ni moja: Krismasi tuende kwa nani? Mume kwao ni Siaya, mke kwao ni Kakamega, watoto wamezaliwa hapa mjini, na kila upande yuko nyanya anayehesabu siku. Wanandoa huja wakitaka niwaamulie. Sikubali. Nikitamka tu "mwaka huu Kakamega", mmoja ataondoka na ushindi na mwenzake atapanda matatu na kinyongo.

Huwa nawapa kila mmoja karatasi, waandike walivyoishinda tarehe 25 ya mwaka uliopita, saa kwa saa, bila kuchunguliana. Kuna mume aliyeandika mistari minne: kanisa, chakula, kutembelea marafiki wa utotoni, kulala. Mkewe alijaza ukurasa mzima akageuza wa pili. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa akipuliza moto wa kuni. Alinyonyoa kuku watatu, akasonga ugali wa watu zaidi ya ishirini, akambembeleza mtoto aliyeogopa choo cha shimo, na saa nne usiku alikuwa bado anasugua masizi ya sufuria. Mume aliisoma karatasi ile mara mbili, kisha akauliza polepole, "Mama Ivy, na wewe ulikula saa ngapi?" Saa hiyo haikuwa imeandikwa popote.

Hapo ndipo mazungumzo huanza. Mke anaposema hataki kwenda kwa wakwe, mara nyingi anachokikataa ni lile jiko. Wazee wenyewe anawapenda. Na mume anaposita kwenda ushago, hata kwao mwenyewe, mara nyingi anaogopa mfuko: unga, sukari, nauli ya binamu, karo ya mtoto wa ndugu, kisha Njaanuari inamkuta hana hata ya sare za shule za wanawe. Aibu humzuia kulisema hilo, kwa hiyo husingizia kazi. Ndiyo maana nawaomba waandike kiasi watakachotoa kabla hawajataja mahali, na waandike pia majina ya watakaosaidia kupika.

Jambo la pili ni kulala. Kwenda na kulala ni mambo mawili, na kwa mila zetu za magharibi mwa Kenya tofauti yake ni kubwa. Kwa Waluo, mwana aliyeoa halali na mkewe katika nyumba ya mama. Ndiyo maana kuna simba, nyumba ya kijana katika boma la baba yake. Mkwe wa kiume naye halali katika nyumba ya mama mkwe wake. Kama simba imeanguka au haijajengwa, lizungumzieni mapema, msije mkafika saa mbili usiku na watoto wamesinzia ndipo wazee waanze kunong'onezana. Kukodi chumba mjini Kisumu au Kakamega na kushinda bomani mchana kutwa ni heshima tosha. Waelezeni tu wazee mapema.

Pia tusisahau kwamba likizo si tarehe 25 peke yake. Watoto hukaa nyumbani wiki kadhaa hadi shule zifunguliwe Januari. Nyanya mmoja anaweza kukaa na wajukuu Novemba, barabara zikiwa tulivu, na mwingine akawapata kwenye sikukuu. Familia za Kibukusu zina hesabu nyingine tena: tohara hufanywa Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili. Agosti ikiwa imekwenda Bungoma, kwa Wabukusu, upande wa pili una haki ya kuomba Desemba.

Kwa watoto wa Nakuru, kuna jambo ambalo silipitii juujuu. Mji wetu uko kwenye mita takriban 1,850 juu ya usawa wa bahari, na malaria si nyingi. Kando ya Ziwa Viktoria ni nyingi, na mwili wa mtoto wa huku haujaizoea. Bebeni neti zenu. Mtoto akipata homa hata wiki mbili baada ya kurudi, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na jambo la kwanza mumwambie daktari ni kwamba alilala Siaya au Kisumu. Homa hiyo si ya kungojea asubuhi.

Mkishaamua, kila mmoja awaambie wazazi wake mwenyewe. Mke akitumwa kumwambia mama mkwe kwamba hawaji, yeye ndiye atakayeonekana kamzuia mwana, na lawama hiyo hukaa miaka.

Wale wa karatasi waliamua hivi: Krismasi Kakamega, kisha Siaya kuanzia tarehe 27. Mume alimpigia mama yake simu pale pale ofisini kwangu. "Mama, tutafika tarehe 27. Na kuku nitawanyonyoa mimi." Upande wa pili ukanyamaza. Kisha nyanya akauliza kama Ivy bado anapenda nyoyo, yale mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, ili aanze kutenga maharagwe.