Ukuta wa ubongo huvuja mapema

Mzee wa miaka 75 akishikwa na mafua, mara nyingi dawa ya kwanza kununuliwa dukani ni Piriton. Kijana akiinywa husinzia tu. Mzee huweza kuamka usiku asijue yuko chumba gani, akaita watu waliokwisha kufariki, na asubuhi nyumba nzima ikawa na mazungumzo ya majini. Dawa hiyo, klorofeniramini, hupenya kirahisi hadi ndani ya ubongo na kuizuia asetilikolini, kemikali ambayo kumbukumbu huitegemea. Setirizini na loratadini, dawa nyingine za jamii hiyo, hufika humo kwa uchache sana, kwa kuwa pampu zilizo katika ukuta wa ubongo huzirudisha kwenye damu.

Ukuta huo ndio kizuizi cha damu na ubongo. Mwaka 1885 Paul Ehrlich wa Ujerumani aliwadunga wanyama rangi kwenye damu, viungo vikashika rangi, ubongo ukabaki vilevile. Akadhani ubongo hauipokei rangi, basi. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, alidunga rangi kwenye maji yanayouzunguka ubongo: safari hii ubongo ulishika rangi na mwili uliosalia haukushika.

Wengi hudhani ni ngozi iliyoufunika ubongo. La, kizuizi kimo katika karibu kila mshipa mwembamba unaopita ndani yake. Seli za ukuta wa mshipa hubanwa pamoja na protini, mfano wa mawe ya matumbawe ya nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa yalivyoshikwa na chokaa. Kwa nje huzungukwa na seli ziitwazo perisiti, kisha nyayo za astrositi, seli saidizi za ubongo. Oksijeni hupita yenyewe, sukari ina mlango wake, na taka nazo zina mlango wa kutokea: protini LRP1 huitoa amiloidi, ile inayorundikana katika ugonjwa wa kusahau uitwao Alzheimer.

Umri ukienda chokaa hulegea. Perisiti hupungua, LRP1 hupungua, taka hubaki ndani. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, walionyesha kwa picha za MRI kwamba uvujaji huongezeka na umri katika hipokampasi, sehemu inayohifadhi mambo mapya. Mzee basi anakumbuka harusi ya 1968, lakini chai aliyokunywa sasa hivi hana habari nayo. Mwaka 2019 timu ya chuo hichohicho iliukuta uvujaji huo kwa watu walioanza kusahau, hata wale ambao amiloidi yao haikuwa imezidi. Na kinachovuja kina madhara: fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, huamsha seli za ulinzi za ubongo, nazo hushambulia hata viungio vya neva vilivyo vizima.

Hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kuuziba ukuta huu, kwa hiyo anayekuuzia kidonge au mafuta ya kazi hiyo anakula pesa zako bure. Kilicho mikononi mwetu ni presha. Katika utafiti wa SPRINT MIND wa 2019, uliohusisha zaidi ya watu 9,300 wa miaka 50 na kuendelea, waliolengwa kuteremshiwa namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 walipata upungufu wa awali wa akili kwa 19% pungufu kuliko waliolengwa chini ya 140. Lengo hilo halimfai kila mzee, hasa anayeshikwa na kizunguzungu akisimama, na daktari wake ndiye wa kuamua.

Namba yenyewe lazima iwe ya kweli. Ukipima baada ya kupanda kilima cha feri, au ukiwa na muguka, majani ya kutafuna yanayosisimua, mdomoni, umejidanganya. Ngoja nusu saa baada ya kahawa, sigara au muguka. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono mezani usawa wa moyo. Mkanda ufungwe juu ya ngozi, usiwe juu ya mkono wa buibui au kanzu; ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba hupanda. Pima mara 2, ukiacha dakika 1 katikati, asubuhi na jioni kwa siku 7. Wastani ukifika 135/85 nyumbani, nenda kliniki na daftari lako.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ya mkate, achari na papa mkavu.

Kusahau kunakokuja kwa miezi kunaweza kungoja miadi. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka aombe kupimwa vitamini B12, maana ikipungua humsahaulisha mtu, na hilo hutibika. Kuchanganyikiwa kulikoanza jana hakungoji: huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka au kiharusi, na mzee apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Beba dawa zake zote katika mfuko mmoja, pamoja na ile ya mafua, kwani ndiyo ambayo familia husahau kuitaja.