Kwa nini mtoto wa kwanza si lazima awe mfalme wa Wazulu

Mfalme Goodwill Zwelithini wa Wazulu wa Afrika Kusini alipofariki Machi 12, 2021, baada ya kutawala karibu miaka 50, wengi walituuliza sisi wa idara ya historia: si arithi tu mwanawe wa kwanza? Kwa desturi ya Wazulu, kinachotangulia ni nyumba aliyotoka mtoto. Mrithi hutoka kwa mke mkuu, na mke huyo hupata cheo chake kwa heshima ya ukoo wao, hata kama aliolewa nyuma ya wenzake.

Shida ni kwamba wafalme wengi walichelewa kutamka nani mke mkuu, na walikuwa na sababu ya kuogopa. Shaka aliuawa mwaka 1828 na ndugu zake wa baba mmoja, Dingane na Mhlangana. Dingane akamuua Mhlangana, kisha mwaka 1840 akapinduliwa na ndugu mwingine, Mpande, aliyeungwa mkono na Makaburu.

Mpande naye hakusimama na neno moja. Cetshwayo, mwanawe mkubwa, alishatambulishwa kuwa mrithi, lakini mzee akaanza kumpendelea Mbuyazi. Desemba 2, 1856, wana hao walikutana Ndondakusuka, kando ya mto Thukela. Mbuyazi alikuwa na jeshi dogo, na nyuma yake wanawake na watoto waliokuwa wakikimbilia Natal, koloni la Waingereza ng'ambo ya mto, huku mto umejaa. Maelfu waliuawa, akiwemo Mbuyazi mwenyewe na wana wengine kadhaa wa Mpande. Kwangu mimi, hakuna siku inayoonyesha vizuri zaidi gharama ya mfalme kusitasita. Mwaka 1861 Theophilus Shepstone, mwakilishi wa serikali ya Natal, alikwenda kumtambua Cetshwayo kuwa mrithi. Tangu hapo mkono wa dola ya nje umekuwa ndani ya jambo hili.

Mwaka 2021 silaha zilikuwa wosia na mawakili. Zwelithini alimwachia ushika-kiti, yaani kutawala kwa muda hadi mrithi apatikane, mkewe Malkia Mantfombi Dlamini, binti wa Sobhuza II na dada wa Mfalme Mswati III wa Eswatini. Naye alifariki Aprili 29, akiwa amemtaja mwanawe Misuzulu. Malkia Sibongile, aliyefunga ndoa ya kiserikali na mfalme kabla ya wake wengine, alidai nusu ya mali. Binti zake wakapinga uhalali wa wosia wa baba yao. Wengine katika ukoo walimtaka Simakade, mwana mkubwa.

Mahakama ya Pietermaritzburg ilitupa mapingamizi Machi 2022, na Rais Cyril Ramaphosa akamtambua Misuzulu. Desemba 2023 Mahakama Kuu ya Pretoria ikasema Rais alikosea utaratibu: malalamiko kwamba desturi haikufuatwa yalipaswa kuchunguzwa na kamati kwanza.

Anayetambuliwa hapati taji tu. Mfalme ndiye mdhamini wa Ingonyama Trust, inayoshika takriban hekta milioni 2.8 za ardhi ya KwaZulu-Natal.