"Ugonjwa wa Wazungu", Mbona Nauona Kibuye, Kisumu?

Wiki hii nimeusikia tena mara tatu. "Daktari, huo si ugonjwa wa wazungu na matajiri? Mimi nauza omena." Mama aliyesema hivyo alikuwa ameharisha damu na kamasi miezi minane, huku akimeza Flagyl, dawa ya amiba, za kununua kila zilipoisha.

Basi tuelewane. Crohn na kolaitisi ya vidonda, magonjwa mawili ya kudumu ambayo utumbo huwaka na kupata vidonda, hayaulizi una pesa ngapi. Kweli, yaliandikwa kwanza huko kwa wazungu: Samuel Wilks akiwa London mwaka 1859, Burrill Crohn na wenzake New York mwaka 1932. Viwanda vilitangulia kwao, maradhi yakafuata, na leo Amerika Kaskazini wanaougua wamezidi 3 kwa kila watu 1,000. Lakini watazame watoto wa wahamiaji kutoka Asia Kusini waliozaliwa Kanada: hatari yao huwa karibu na ya majirani zao. Damu ni ya babu zao, maisha ndiyo mapya.

Maisha hayo mapya hayaishi Milimani kwa matajiri peke yake. Mitaa ya kawaida kama Nyalenda na Kondele kuna chipsi na soda kila kona, unga uliokobolewa umefukuza wimbi mezani, na mtoto akikohoa tu anapewa antibayotiki. Bakteria wa utumbo hubadilika, na kwa mwenye urithi wa ugonjwa kinga ya mwili huanza kuushambulia utumbo wenyewe. Sisemi sahani moja ya chipsi ilimwangusha mtu. Hakuna awezaye kuonyesha hivyo. Sigara ndiyo nasema wazi: mwenye Crohn aiache leo. Na sehemu ya ongezeko, nakiri, ni kwamba kamera za kuchungulia utumbo zimetufikia, tukaanza kuona tulichokuwa tukikipita.

"Ni amiba tu," huniambia wengine. Huenda. Nayo hutoa damu, na TB ya utumbo hufanana sana na Crohn, ndiyo maana choo hupimwa kwanza. Ila ukitibiwa na damu ikarudi, usirudi dukani kwa dozi nyingine. Omba kamera.

"Ni vidonda vya tumbo." Hivyo viko juu, tumboni au mwanzo wa utumbo mdogo. Ni habari nyingine kabisa.

"Inaambukiza." Hapana. Mtengee sahani mgonjwa wa kipindupindu, si huyu.

"Nimepona, nimeacha dawa." Hili hunikera karibu kama lile la wazungu. Umetulia kwa sababu ya dawa! Na ukiumwa mgongo, usijinunulie diklofenaki; huweza kuuamsha ugonjwa.

Jambo moja nawasumbua nalo wagonjwa wangu wote, wakicheka wacheke: angalia choo chako. Kwenye choo cha shimo huoni kitu, najua, basi angalia karatasi uliyojipangusia, kwa tochi ya simu.

Mama wa omena sasa yuko kwenye mesalazini, dawa ya kutuliza utumbo unaowaka; damu imekatika, kilo zinarudi. Kila kliniki bado ananiuliza kama amiba imetoka yote.