Besi haizuiwi na dirisha: maelezo kwa wenye sabufa za magari na majirani zao

Sikukuu zikikaribia, malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la kelele hapa Uganda hubadilika sura. Miezi mingine watu huleta habari za baa, makanisa na vile vipaza sauti vya mitaani, bizindaalo. Msimu huu ni magari: Subaru iliyoegeshwa mbele ya mahali pa kuchomea nyama, buti wazi, drone, lile basi dogo la abiria, likingoja watu huku viti vya nyuma vikitetemeka, kijana aliyejaza spika kwenye Premio ya baba yake na kuzunguka mtaa saa sita usiku. Kwa ajili ya kampeni inayoendelea dhidi ya kelele nimeombwa nieleze upande wa kitaalamu. Naanza kwa kuamini kwamba hakuna anayewasha sabufa, ile spika ya sauti nzito au besi, kwa nia ya kumkosesha jirani usingizi.

Dereva mmoja alimwambia mwenzangu, "Ssebo (bwana), mimi sipigi kelele, hii ni besi tu." Kwake kelele ni kitu kinachochoma sikio, na besi haichomi. Hapo ndipo kutoelewana kwetu kote kunapoanzia.

Sikio halisikii masafa yote, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde inayohesabiwa kwa hezi, kwa usawa. Sauti ya hezi 1,000 huanza kusikika ikiwa na desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) mbili tatu. Ya hezi 40, ambayo ndiyo chakula cha sabufa, inabidi ifike kama desibeli 51 ndipo sikio zima la kijana liitambue. Kwa hiyo mwenye gari hupandisha, hupandisha tena, kisha huenda kutafuta amplifaya kubwa zaidi, kwa kuwa kila desibeli 10 za ziada zinataka nguvu mara kumi. Upande wa pili wa jambo hilo husahaulika: sauti nzito ikishavuka mpaka wa kusikika, ukubwa wake masikioni hupanda haraka kuliko sauti nyembamba. Jirani hana hali ya kati. Ama hasikii kitu, ama anasikia mdundo na hawezi kufikiria kingine.

Sasa gari lenyewe. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo wimbi moja la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu, refu kuliko gari. Ndani ya gari wimbi hilo halipati nafasi ya kujikunjua. Hewa yote ya ndani hubanwa na kuachiwa kwa pamoja, kama ndani ya pampu ya baiskeli, na kadiri noti ya muziki inavyoshuka ndivyo msukumo huo unavyozidi kusaidiwa na udogo wa chumba. Ndiyo maana sabufa ya inchi 12 ambayo sebuleni isingemshtua mtu, ndani ya gari hutikisa kioo cha kutazamia nyuma. Mafundi wa magari wa soko la Kisekka, Kampala, wanalijua hili kwa mikono yao hata kama hawaliandiki.

"Lakini nilikuwa nimefunga madirisha." Sentensi hii tunaisikia karibu kila tunaposimamisha gari, na naomba niijibu mara moja. Ukuta huzuia sauti kwa uzito wake, na kila masafa yanapopungua kwa nusu, ukuta uleule hupoteza takriban desibeli 6 za uwezo wake. Toka hezi 1,280 ushuke hadi 40 ni kupunguza kwa nusu mara tano, yaani desibeli 30. Mlango wa gari ni bati jembamba, na dirisha ni kioo cha milimita chache. Ukifunga madirisha umemfungia mwimbaji ndani, besi umeiachia itoke. Hata hewa yenyewe haiipunguzi: sauti kali hufifia njiani, mdundo huendelea, na ndiyo sababu mtu aliye mbali hawezi kukuambia ni wimbo gani ila anaweza kukuhesabia mapigo.

Besi hiyo ikiingia nyumbani hukutana na jambo baya zaidi. Chukua chumba cha kulala cha mita 4 kutoka ukuta hadi ukuta. Chumba hicho kina sauti zake kinazozipenda, na ya kwanza iko kwenye hezi 43 hivi, palepale sabufa inapofanyia kazi. Wimbi linagonga ukuta, linarudi, linajikuta likiungana na linalokuja. Kwenye kuta mgandamizo wa hewa huwa mkubwa kabisa. Katikati ya chumba noti hiyohiyo karibu itoweke. Matokeo yake tunayaona mara kwa mara. Afisa anaingia, anasimama katikati ya chumba, anasikiliza, haoni tatizo, anamtazama mama mwenye nyumba kana kwamba anazua. Mama huyo kitanda chake kimeegemea ukuta. Kichwa chake kinalala mahali ambapo chumba kizima kinasukuma. Vikombe kabatini vinagongana, mabati yanalia, na yule aliye katikati anasikia mabati tu.

Hapa lazima nizungumzie mita, kwa sababu ni eneo linalotuletea ugomvi mwingi. Vipimo vingi vya kelele hutolewa kwa desibeli A, kipimo kinachoiga sikio kwa kupunguza sauti nzito. Kwenye hezi 40 kinapunguza karibu desibeli 35. Kwa hiyo mdundo wa desibeli 80 kamili huandikwa kama 45. Kanuni za Viwango na Udhibiti wa Kelele za mwaka 2003 ziliweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku kwa maeneo ya makazi, 55 na 45 mahali makazi yanapochanganyika na biashara na burudani, na 45 na 35 kwa hospitali. Katika kanuni hizo usiku ulihesabiwa kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Utaona basi kwamba mdundo uleule, kwenye mtaa uleule wa makazi, ungepita salama saa tatu na kuwa kosa saa nne na dakika moja. Wataalamu wengi hawaridhiki na A peke yake kwa besi, nami ni mmoja wao. Mkaguzi makini huchukua pia desibeli C, ambayo haipunguzi sana sauti nzito, kisha hutazama tofauti. C ikiizidi A kwa 20 au zaidi, unajua kwamba unashughulika na besi.

Tafadhali msituletee picha za skrini za simu. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, na sauti nzito hukatwa kwa makusudi. Programu inayokuonyesha 60 mbele ya buti lililojaa spika haijakudanganya kwa ubaya, haikusikia.

Upimaji wetu unakwenda hivi, na naueleza kwa urefu kwa kuwa hapa ndipo kesi huanguka. Kabla ya kupima, mita husahihishwa kwa kifaa kinachotoa desibeli 94 kwenye hezi 1,000. Maikrofoni huwekwa sifongo ya kukinga upepo, urefu wa mita 1.2 hadi 1.5 kutoka chini, na tukiwa nje, umbali wa angalau mita 3.5 kutoka kwenye kuta. Hatupimi mvua ikinyesha. Tunapima chanzo kikiwa kinalia, kisha tunapima mtaa chanzo kikiwa kimezimwa, kwa sababu bodaboda na jenereta ya jirani nazo zina desibeli zao. Mwisho mita husahihishwa tena, na ikiwa imehama zaidi ya nusu desibeli, vipimo vyote vya usiku huo tunavitupa. Wakili yeyote mzuri huanza kwa kuuliza hati ya usahihishaji. Muulize na wewe. Ni haki yako.

Kuhusu adhabu. Kanuni za 2003 zilitaja kifungo kisichozidi miezi 18, faini isiyozidi shilingi milioni 18, au vyote viwili. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 iliongeza makali ya adhabu za mazingira kwa jumla. Sheria zetu nyingi huhesabu faini kwa pointi za sarafu, na pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo usisome "pointi 100" ukafikiri ni shilingi mia. Mbali na hapo, Kanuni ya Adhabu inatambua kosa la kuwa kero kwa umma, lenye kifungo cha hadi mwaka mmoja, na polisi hawahitaji mita yetu kulifungulia jalada. Atakayesema gari ni mali yake naye aambiwe kwamba Ibara ya 39 ya Katiba inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya, na usingizi wa jirani umo humo.

Isifikiriwe kwamba ofisi hii inachukia besi. Busoga ina embaire, marimba kubwa ambayo hulazwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini, wachezaji kadhaa wakiketi pande zote mbili. Shimo lile hufanya kazi ya boksi la spika: linazipa mbao ndefu tumbo la kuvumia. Wazee wa kule walijua kusukuma hewa bila amplifaya, na huwezi kusikiliza embaire ukasema sauti nzito si yetu. Sabufa ni jambo lilelile likiwa na betri. Sauti hizi nasi tunazipenda. Tunachokataa ni kumpelekea sauti hizo mtu aliyelala.

Afya nitaipitia kwa kifupi maana madaktari wana dawati lao. Besi peke yake huumiza sikio polepole kuliko sauti za kati, lakini hakuna anayesikiliza besi peke yake. Spika za sauti nyembamba hupandishwa ziifikie. Kanuni ya kazini inayotumika kwingi ni desibeli A 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 za ziada hukata muda kwa nusu, hivyo ukifika 100 unabaki na dakika 15. Safari ya kutoka Mukono kuingia mjini haiishi kwa dakika 15. Uvumi wa besi kusimamisha moyo tunausikia sana na hauna msingi wa kumtisha mtu mwenye afya. Pafu ni habari nyingine: mwaka 2004 jarida la kitabibu Thorax lilieleza wagonjwa wanne waliopata tundu la pafu wakiwa karibu na muziki mkubwa, mmoja wao akiwa garini mwake na boksi la besi la wati 1,000. Ni nadra. Ila maumivu ya ghafla ya kifua upande mmoja yakikupata kando ya spika, nenda hospitali.

Jambo moja si la idara yangu, lakini nalisema. Amplifaya inayotoa kweli wati 1,000 huvuta karibu ampea 90 kwenye umeme wa gari, na alteneta za magari madogo nyingi hazipiti 70 hadi 100 zikiwa na taa na vyote vingine vya kulisha. Waya mwembamba uliopitishwa chini ya kapeti bila fyuzi karibu na betri ni moto unaosubiri siku yake.

Ukitaka kulalamika, anza na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa; mara nyingi anamjua kijana na wazazi wake, na jambo huishia hapo. Lisipoisha, liandike na ulipeleke kwa afisa mazingira wa wilaya, au kwa mamlaka ya jiji ukiwa Kampala, nakala polisi. "Wanatupigia kelele kila siku" haitusaidii kitu, maana gari lina magurudumu na litakuwa limeondoka tukifika. Andika namba ya usajili, mahali linapoegeshwa, siku za wiki, saa linapoanza na saa linapokoma, na chumba kinachoathirika zaidi. Taja kama vyombo au dirisha hutetemeka. Na tukija kupima, usisogeze kitanda ili kutupisha. Kiache kilipo, mita itawekwa hapohapo kwenye mto.