Usinunue shamba halafu ndo uulize maji

"Shamba nishachukua, eka tano, maji siyo ishu, ntachimba tu kisima." Hii kauli nimeisikia mpaka imenichosha, ndo maana leo naandika, ili mwingine akinipigia nimtumie hii asome kwanza halafu tuongee. Safari hii imetoka kwa mzee mmoja mstaafu, maisha yote kakaa Dar, kiinua mgongo kimetoka, kanunua eneo upande wa Bahi, Dodoma, kwa sababu bei iko chini, barabara inafika na nguzo za umeme zinaonekana. Swali lake kwangu lilikuwa moja tu, rigi, yaani mtambo wa kuchimba, inaweza kuja lini. Hakuuliza kama maji yapo, hakuuliza kama ni baridi au ya chumvi, yeye anajua ukitoboa ardhi maji yanatoka na kilichobaki ni tarehe. Na hela yote ya kuanzia maisha kaishaizika kwenye ardhi.

Mimi kazi yangu ni sevei, yaani kupima na kutafuta maji chini ya ardhi kabla ya kuchimba, zaidi Dodoma na Singida, Pwani nako naitwa. Siandiki kuwatisha watu wasihamie shamba, kuhamia shamba ni jambo zuri na natamani wengi zaidi wafanye. Ninachopinga ni mpangilio. Watu wanachagua eneo kwa bei, kwa mandhari, kwa umbali kutoka lami, halafu maji wanayaweka mwisho wakiamini ni kitu cha kuagiza baadaye. Sola utaagiza, fensi utaagiza, hata barabara mkijichanga majirani mtachonga. Maji hayaagizwi, yamekaa pale yalipokaa.

Tuanze na mwamba, maana ndo panaponikera zaidi. Kanda ya Kati sehemu kubwa tuko juu ya granaiti, mwamba mgumu, na jamii yake. Granaiti nzima, isiyooza wala kupasuka, haina nafasi ya kutunza maji. Maji yanakaa sehemu mbili, kwenye tabaka la juu ambalo mwamba umeoza ukageuka changarawe, na kwenye mipasuko iliyo chini yake. Hilo tabaka lililooza linaweza kuwa mita 40 kwako na mita 5 kwa mwenzako, na mpasuko unaweza kukatiza kona ya shamba lako ukaenda zake kwa mwingine. Kwa hiyo hoja ya "jirani kachimba kapata" hainitoshi. Kwenye mchanga wa bondeni jirani ana uzito, kwenye granaiti ukisogea mita 50 unaweza kukuta hali nyingine kabisa.

Sasa hii ya "tukikosa tutaongeza kina", naomba uisome taratibu. Watu wanaamini maji yako chini, basi ukienda chini zaidi unayakaribia. Kwenye granaiti mara nyingi ni kinyume. Kadiri unavyoshuka uzito wa mwamba wa juu unaibana mipasuko, inakuwa michache na myembamba, kwa hiyo ukishapita lile tabaka lililooza na ile sehemu ya juu iliyopasuka, kila mita unayoongeza nafasi ya kupata inapungua huku bili inapanda. Yapo maeneo kweli yana mpasuko mkubwa. Makutupora panaponywesha mji wa Dodoma ni mfano, pale kuna ufa wa kijiolojia na bonde lililojaa mashapo, yaani mchanga na udongo ulioletwa na maji, linalopokea maji ya mvua kutoka pande zote. Lakini huwezi kununua popote Dodoma ukajihesabia uko Makutupora, na madalali wanalitaja hilo jina kwa viwanja ambavyo havina uhusiano wowote na lile bonde.

Siku ya kuchimba simama pale kwenye rigi, usikae kwenye gari na AC. Wachimbaji makini wanamwaga unga wa mwamba kwa mafungu madogo madogo chini, kila baada ya mita mbili tatu fungu lake, kwa mstari. Yaangalie. Ya mwanzo yatakuwa mekundu au ya kahawia, udongo mtupu. Halafu inakuja changarawe yenye vipande vya kwatzi, yale mawe magumu meupe, okota kimoja ukioshe, ukikuta upande mmoja una kutu ya rangi ya chungwa hiyo ni alama kwamba maji yamekuwa yakipita kwenye huo mwanya, hapo pakumbukwe wakati wa kupanga skrini, ile sehemu ya bomba yenye matundu ya kuingizia maji. Baadaye mafungu yanageuka kijivu, makavu, unga laini kama simenti, fungu baada ya fungu, hakuna mabadiliko. Huo ni mwamba mzima. Yakifuatana hivyo mita 30 na sevei haikuonyesha kitu huko chini, mwambie fundi azime. Hatapenda, kwa sababu wengi wanalipwa kwa mita, na mtu anayelipwa kwa mita hawezi kuwa mshauri wako wa wapi pa kuishia, hata awe mwaminifu vipi.

Wengine wanakuja na "hakuna maji hakuna malipo" na watu wanaona wameokoka. Uliza, maji maana yake kiasi gani? Lita 100 kwa saa ni maji? Kwake ni maji, analipwa. Andikeni kwenye mkataba lita ngapi kwa saa, zilizopimwa kwa pampu, siyo kwa kompresa. Zile vidio za kwenye wasapu maji yanaruka juu watu wanapiga vigelegele, ile ni hewa ya kompresa inasukuma maji yaliyokuwa yamejikusanya kwenye shimo, haikwambii kisima kitatoa nini kesho saa nne asubuhi. Kupima uwezo wa kisima ni kuweka pampu, kuendesha masaa 24 mfululizo kwa kiwango kimoja, unaandika maji yanashuka mpaka wapi, ukizima unaandika yanapanda kwa kasi gani. Kisima ambacho ukivuta maji yanashuka kidogo, lakini ukizima yanachelewa kupanda, kina shida. Watu wanakata hiki kipimo kuokoa hela baada ya kutumia mamilioni kuchimba, kwa kweli huwa nashindwa kuelewa.

Na hata kama yamepatikana, fanya hesabu ya unachotaka kufanya shambani. Kisima cha lita 1,000 kwa saa kwenye granaiti ni kizuri, kwa nyumba ya familia na ng'ombe wawili watatu na kuku kinatosha na kubaki. Lakini wewe umekuja na ndoto ya nyanya na matikiti. Eka moja ni kama mita za mraba 4,047, mboga kipindi cha jua kali zinahitaji kama milimita 5 kwa siku, hiyo ni lita 20,000 kila siku kwa eka moja, tena ukiwa unamwagilia kwa mipira ya matone. Pampu ya sola ikikupa masaa sita ya maana kwa siku unapata lita 6,000. Yaani kisima "kizuri" kinamwagilia kama theluthi ya eka. Na wewe umenunua tano.

Pwani mambo ni tofauti, huko shida siyo kukosa maji, shida ni yapi unayapata. Kigamboni, Mkuranga, Bagamoyo, kote huko karibu na bahari maji baridi yamelalia juu ya maji ya chumvi kwa sababu maji ya chumvi ni mazito zaidi, na kanuni ya zamani ya fani yetu ni kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Igeuze hiyo hesabu. Ukivuta sana ukashusha maji nusu mita, mpaka wa chumvi chini unapanda karibu mita 20. Haupandi siku hiyo hiyo, unachelewa, ndo maana mwaka wa kwanza mtu anakunywa vizuri na kunitukana kwamba nilimtisha bure, halafu miche inaanza kuungua kwenye ncha za majani. Huku pia kuongeza kina bila kujua tabaka ni kuifuata chumvi. Najua mtanijibu mbona Kimbiji, kule Kigamboni, wamechimba mita 400 mpaka 600 wakapata baridi. Ni kweli, kule chini kuna tabaka nene za mchanga wa kale, lakini ule ni mradi wa kulisha mji wenye rigi kubwa na uwezo wa kuziba tabaka za juu zisiingize uchafu na chumvi, siyo kisima cha mtu mmoja mwenye eka mbili. Upande wa milima ya Pugu na Kisarawe kuna ule udongo mweupe wa kaolini, unashika maji lakini kuyaachia ni kazi, wa huko wapime mapema sana.

Arusha kuzunguka Meru, na maeneo mengi ya Bonde la Ufa mpaka Singida, kuna floraidi, kemikali ya asili inayotoka kwenye miamba na kuyeyuka kwenye maji. Maji mazuri kwa macho, matamu mdomoni, meno ya watoto yanakuwa ya kahawia na ikiwa nyingi kwa miaka mingi mifupa inapinda. Kiwango chetu cha zamani kiliruhusu mpaka miligramu 4 kwa lita, sasa ni 1.5 sawa na cha Shirika la Afya Duniani (WHO), kwa hiyo kisima kilichopewa cheti zamani kinaweza leo kisipite. Kuchemsha hakuondoi, kunaongeza, maana maji yanapungua floraidi inabaki. Ipo njia ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa, kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, wamefanya kazi kubwa kwenye hilo, ila chujio linahitaji kubadilishwa, usilifunge ukalisahau.

Sasa kuhusu sevei yenyewe, nisiwauzie kitu ambacho hakipo. Tunapitisha umeme ardhini kwa vyuma, tunapima ukinzani, yaani ardhi inavyozuia huo umeme kupita, halafu tunatafsiri tabaka. Tafsiri ndo penye shida. Ukinzani ukiwa mdogo inaweza kuwa tabaka lenye maji, inaweza kuwa mfinyanzi, inaweza kuwa maji ya chumvi, na kwenye grafu vyote vinaweza kufanana kabisa. Wataalamu wawili wazuri wanaweza kuchukua data ile ile wakatoa kina tofauti na kila mmoja ana hoja. Kinachotofautisha ni kuijua jiolojia ya eneo na rekodi za visima vya karibu, na hizo rekodi ziko kwenye ofisi za mabonde, Bodi ya Maji ya Wami/Ruvu, ya Bonde la Kati, ya Pangani, inategemea uko wapi, mtaalamu asiyezitafuta anakisia. Sevei inapunguza nafasi ya kukosa, haiiondoi, anayekuahidi asilimia mia muogope. Na kuna wazee wa vijiti, wanaotembea na kijiti mkononi kutafuta maji, ambao wanapatia, sibishani nao, ila wengi nimewaona wakipatia bondeni kwenye mchanga ambako hata asiyejua kitu angepatia, wapeleke juu ya kilima cha granaiti ndo tuongee.

Kwa hiyo kabla ya kulipa hata advansi. Nenda ukaone eneo mwezi wa tisa au wa kumi, usiende mwezi wa tatu kila kitu kijani na kila korongo linatiririka. Kaa barabarani asubuhi uone madumu yanatoka wapi, kina mama wa pale wanajua kisima gani kinakauka mwezi gani na kipi maji yake hayatoi povu la sabuni, wasalimie vizuri, uliza, watakwambia bila malipo vitu ambavyo mimi ningekuchaji. Angalia mikuyu mikubwa, ule mti haukai pakavu. Chukua maji ya visima vya jirani peleka maabara ya Wizara ya Maji. Halafu mshawishi mwenye shamba akuruhusu kufanya sevei kabla hamjauziana, akikataa kabisa jiulize kwa nini. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na shamba lenyewe.

Ya karatasi nitayapitia haraka maana siyo fani yangu. Ardhi ya kijiji haimalizwi na mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wawili, kuna halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, Sheria Namba 5 ya 1999. Na eneo lililobusu mto au bwawa ambalo dalali analisifia kwamba maji yako mlangoni, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60, kwa hiyo sehemu ya unachokilipia huenda usiitumie. Kuchimba nako kuna kibali cha bodi ya maji ya bonde, na mchimbaji awe na leseni.

Ambaye ameshanunua na maji hayapo, bado kuna paa. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Dodoma tunapata kama milimita 550 mpaka 600 kwa mwaka, nyumba ya mita za mraba 100 inakupa kama lita 44,000 ukitoa zinazopotea. Watu watano kwa lita 50 kila mmoja ni lita 250 kwa siku, na kiangazi chetu kinaenda miezi saba, siku 210, hiyo ni lita 52,500. Haifiki, kwa hiyo ezeka na banda la mifugo kwa bati uliunganishe kwenye mfumo huo huo, na usinunue simtanki moja la lita 5,000 ukaona umemaliza, hilo ni siku 20 tu. Tangi la kujenga chini ya ardhi ndo linalofaa hapa, lijengwe kabla ya nyumba, gata ziwe na njia ya kumwaga mvua ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha ndege, na mfuniko uwe na kufuli kwa ajili ya watoto.